Kinga ya Chuma, Imetumika Kidogo

Goti langu la kulia liliharibika kabla ya la kushoto, na kuanzia hapo nikawa natazama baiskeli za watu kama kijana anavyotazama wasichana kwenye harusi. Hii ni habari ya mwaka uliofuata baada ya kambi ya wakimbizi ya Mtabila kufungwa. Nilikuwa mshika funguo wa zahanati moja pembeni mwa mji wa Kasulu. Sisemi mlinzi. Mlinzi alikuwa mwingine, wa usiku, mwenye rungu na koti refu, ila hakupewa funguo, kwa sababu za kiserikali ambazo hakuna aliyewahi kunieleza. Jioni nilimfungia ndani ya geti, asubuhi nikamfungulia. Kwa hiyo nikichelewa, wagonjwa walikosa kuingia na mlinzi alikosa kutoka, wakawa wanatazamana kwenye nondo za geti kama watu waliokuja kuonana gerezani, na usingejua mfungwa ni yupi.

Na kuchelewa nilichelewa. Nyumba yangu iko juu ya mlima, upande wa kwenda Kabanga, na goti lile kila asubuhi lilitaka libembelezwe kwanza na maji ya moto kama mgeni. Nikilikanda, nimechelewa. Nisipolikanda, linagoma katikati ya njia, nachelewa zaidi.

Mganga mfawidhi alikuwa kijana wa pwani, ameletwa huku na serikali, msafi, mpole, wa miwani. Ubaya wake ulikuwa mmoja tu: adabu. Alikuwa na adabu ya kupita kiasi. Kwake mgonjwa haharishi, anapata usumbufu wa tumbo. Choo alikiita kule. Mjamzito alikuwa mama mwenye hali yake. Sisi Waha mtu akiharisha tunasema anaharisha, tena mkono unaonyesha na namna. Mara nyingi mgonjwa alikuwa akitoka chumbani kwa mganga anakuja getini kuniuliza mimi, mshika funguo wa darasa la tatu, ameambiwa anaumwa nini.

Siku moja ya mvua nilifika nikamkuta mganga amesimama nje ya geti, mwavuli wake amempa mama mwenye mtoto mgongoni, yeye maji yanamchuruzika kwenye miwani.

"Shikamoo, mzee wangu."

"Marahaba, bwana mganga."

"Mvua hii ni nzuri kwa wakulima."

"Nzuri sana. Maharage yatapona."

"Ila kwa sisi tuliosimama..." Akaishia hapo. Jioni akaniita, akaniambia kwamba siku nyingine nikichelewa, nimkabidhi ule mzigo wa funguo, nipumzike, umri wangu umestahili kupumzika. Nikamshukuru. Nikadhani ananipa likizo. Mlinzi ndiye aliyenieleza nilipokuwa namfungia.

"Mzee, wewe umefukuzwa," akasema, "ila bado hujaondoka."

Basi hali yangu ilikuwa hiyo. Mshahara ule ulikuwa mdogo, lakini ndio ulionunua chumvi, sabuni na dawa ya presha ya mke wangu. Bila zile funguo tungebaki na shamba na goti, na goti halilimi.

Nikaamua kununua baiskeli ya gia.

Kwa nini ya gia, nitasema. Mimi ni mtu wa Kitahana, kule Kibondo, Kasulu nilikuja kwa kuoa. Ujanani nilikuwa na baiskeli nyeusi kama za watu wote, yenye keria ya chuma inayobeba mikungu ya ndizi mpaka nyuma uonekane kama tembo. Watu wa tambarare wanafikiri baiskeli hubeba mtu. Kwenye milima yetu mtu ndiye anaibeba baiskeli. Anaisukuma kupanda, halafu akifika juu anaishikilia isimkimbie kushuka. Nilivyohesabu maisha yangu, nimetembea na baiskeli pembeni zaidi kuliko nilivyokaa juu yake. Ilikuwa kama ng'ombe, unaiongoza. Kwa goti lile nisingeweza kuanza tena uchungaji huo. Nikasikia kwamba baiskeli za kupandia milima, zile za wazungu, zenye tairi nene, zina gia ndogo ambayo hata mgonjwa anapanda nayo.

Nilipotangaza nia yangu kilabuni, kila mtu akawa fundi. Huyu akasema nitafute ya chuma, zile nyepesi ni sufuria tu iliyonyooshwa, ukigonga shimo unapata uji. Yule akasema usinunue bila sumaku. Mwingine, ambaye hajawahi kumiliki hata toroli, akasema baiskeli nzuri unaijua kwa harufu. Harufu ya nini, hakusema.

Na wote waliokuwa na za kuuza walikuwa wanauza ya mzungu mmoja aliyekuwa Mtabila. Huyo mzungu sikuwahi kumwona, lakini namheshimu. Kambi ilipofungwa aliacha baiskeli yake kwa fundi wa sokoni, akaacha ile ile kwa dereva wa lori, akaiacha tena kwa mwenye duka la dawa, na nyingine, ya rangi tofauti, kwa shemeji yangu. Zote alikuwa anaziendesha polepole, siku za Jumapili tu. Kwa hesabu yangu mzungu yule alikuwa na miguu kama jongoo.

Nikazikagua, nikazikataa. Moja fremu yake ilikuwa imepakwa rangi mpya mahali pamoja tu, chini ya usukani, kama mwanamke aliyepaka poda shavu moja. Nikakwangua kwa ukucha, nikakuta ufa. Nyingine ilikuwa nzuri yote isipokuwa ilikuwa inakwenda upande, ukiitazama nyuma gurudumu la mbele linakwenda Kibondo na la nyuma linakwenda Kigoma.

Sasa lazima nieleze neno moja, la sivyo hamtaelewa kilichonipata. Sisi tuliokaa na Warundi na Wakongo miaka yote hii, baiskeli tunaiita pia kinga. Mrundi anasema ikinga, Mkongo anasema kinga, na sisi katikati tunasema lolote linalotangulia mdomoni. Ni neno la kawaida kama jembe. Mtu wa pwani halijui. Ukutani kwa mganga kulikuwa na karatasi kubwa ya rangi, kijana na msichana wanacheka, chini yake pameandikwa TUMIA KINGA. Nilikuwa naipangusa vumbi kila wiki. Baiskeli sikuiona kwenye picha, nikadhani wameiegesha pembeni ndipo wakapigwa picha. Kondomu nilikuwa nazijua, lakini kwa jina lake la redioni.

Kulikuwa na mama mmoja Mkongo wa kambi ya Nyarugusu, mjane wa makamo, mfanyabiashara wa vitenge na dagaa wakavu. Mke wangu alikuwa mteja wake wa siku nyingi. Nikamwagizia anitafutie. Siku moja mchana, nimekaa kwenye kiti changu getini, simu ikalia, ni yeye. Sikio langu moja ni la mapambo, kwa hiyo simu huwa naiweka kwenye sauti kubwa. Nyuma yangu ni dirisha la mganga.

"Muzee," mama akasema, na sauti yake ilienea uwanja mzima, "ile kinga uliniomba, iko."

"Iko namna gani?"

"Iko muzuri. Ya chuma, haiko ya kuvunjika-vunjika. Imetumika kidogo. Muzungu moja tu ndiye alikuwa anaitumikisha, tena polepole."

"Na mpira?"

"Mupira moja iko mupya. Ingine imechoka kidogo, lakini inashika pumzi. Kuya siku ya soko, papa, utaijaribu wewe mwenyewe. Kama haikutoshe, unaniachia."

"Nitakuja. Usimpe mtu mwingine."

"Nani? Nimekuwekea wewe. Iko ndani, chini ya kitanda."

Nilipokata simu nikasikia nyuma yangu dirisha linafungwa, taratibu, kwa adabu.

Jioni mganga akaniita chumba cha sindano. Akafunga mlango. Nikajua funguo zangu zimekwisha. Akanipa kiti, yeye akabaki amesimama anageuza-geuza kalamu.

"Mzee wangu, utanisamehe. Nakwambia haya kama mwanao. Nimesikia bila kukusudia. Unatafuta kinga."

"Ndiyo, bwana mganga. Hali imenilazimu."

"Kwa umri huo, bado..." Akatafuta neno. "Bado una safari?"

"Kila siku. Asubuhi na jioni."

Akakaa chini.

"Kila siku," akasema.

"Isipokuwa Jumapili. Goti ndilo linalonisumbua. Kupanda ndio kazi, kushuka siyo tatizo."

Akavua miwani, akaifuta, akaivaa. Nikaona kijana huyu ana huruma, amekwisha kuelewa kwamba nachelewa kwa sababu ya mlima.

"Na mama nyumbani anajua?"

"Anajua, na amefurahi. Na yeye ataitumia kwenda kanisani Kabanga."

"Kanisani," akasema mganga.

"Jirani yangu pia amekwisha kuiomba. Akiwa na safari zake nitamwazima."

Hapo akasahau adabu kidogo, akagonga meza. "La. Hilo hapana, mzee. Kinga haiazimwi. Kinga ni ya mtu mmoja."

Nikamwambia ni kweli, jirani yule ni mharibifu, jembe langu aliliazima likarudi mpini.

"Halafu hii ya kununua iliyotumika. Iliyotumika, mzee wangu! Unaijuaje ilikotoka?"

"Ya mzungu."

"Hata kama ni ya mzungu."

"Mpya siiwezi, bwana mganga."

"Lakini hapa tunatoa bure. Zipo stoo, kwenye maboksi."

 Niwaambie ukweli, nilipandwa na hasira. Kumbe ndivyo. Baiskeli zimeletwa za bure, zimo ndani ya maboksi, hazijafungwa hata nati, na mimi mwenye funguo sijaambiwa. Nikawakumbuka mabwana wa ofisi fulani niliokuwa nawaona wanapita na baiskeli mpya, nikaelewa zilikotoka. Lakini kwa kuwa funguo zangu zilikuwa hatarini nikasema kwa upole, "Basi nipe moja."

"Nitakupa za kutosha."

"Moja itanitosha miaka kumi."

Akanitazama kwa masikitiko. "Mzee, moja ni mara moja tu. Ukimaliza unatupa."

Na mimi nikasema moyoni, hapo umesema kweli, vitu vya bure ndivyo vilivyo, unapanda mara moja pedeli inabaki njiani. Ndipo nikamwambia kwamba kama mambo ni hayo naona heri ile ya chuma. Akashika kichwa. Halafu akaanza kunifundisha, taratibu, anatazama ukutani: mpira ukikaa juani hukauka, ukikauka hupasuka, uukague kwanza, usiutie mafuta ya mgando wala ya kupikia, mafuta hula mpira, na uwe na wa akiba. Sijawahi kupata mafundisho mazuri ya baiskeli kama yale. Mafundi wa sokoni hawasemi hivyo, wao wanataka upasuke urudi kwao. Nikawa naitikia kwa kichwa, na yeye akiona naitikia uso ukawa unapata nuru.

Mwisho akatoka, akarudi na bahasha ya kaki imefungwa kwa gundi.

"Hii ni ya kuanzia. Usifungue njiani. Ukifika kwa yule mama, ndipo mfungue, mkiwa pamoja, na yeye aelewe."

Nikaipokea kwa mikono miwili. Nilijua ni nini. Miaka ile wakulima tulikuwa tunapewa vocha za pembejeo, unapeleka karatasi kwa wakala, unapata mbolea nusu bei, ikiwa wakala hajaila. Nikaelewa na afya nao wameanza: vocha ya kinga. Nikamwombea mganga maisha marefu.

Siku ya soko nikaenda na jirani mwingine, mwalimu wa shule ya msingi, mtu wa Singida, aliyeletwa huku kama mganga alivyoletwa. Nilimchukua kwa sababu baiskeli za wazungu zina maandishi, na maandishi yakikudanganya ni vizuri yakudanganye mbele ya shahidi. Tulipanda lori la mahindi mpaka gulio la karibu na kambi, mahali wenyeji na wakimbizi wanapouziana. Mimi nilikuwa na sumaku niliyoitoa kwenye spika ya redio iliyokufa. Bahasha iko mfuko wa shati, kifungo kimefungwa.

Mama alikuwa ameitoa chini ya kitanda, ameiegemeza kwenye gunia la mihogo. Ilikuwa imewahi kuwa ya bluu. Nikaizunguka bila kusema, kama mtu anayenunua fahali. Ukisifu tu, bei inapanda.

"Papa, ikamate," mama akasema. "Haiume."

Nikatoa sumaku. Nikaiweka kwenye fremu, ikakamata. Chini karibu na pedeli, ikakamata. Kwenye uma wa mbele, ikakamata mpaka nikaivuta kwa nguvu. Watu waliokuwa wananunua dagaa wakaacha, wakaja kutazama. Nikaiweka kwenye rimu, ikaanguka.

"Rimu ni sufuria," mtu mmoja akasema nyuma.

"Rimu ya sufuria haishiki kutu," mama akajibu bila kugeuka. "Wewe endelea na dagaa zako."

Kisha nikaigonga. Kwetu chungu hakinunuliwi bila kugongwa kwa kidole kilichokunjwa; kisipolia kina ufa. Nikagonga bomba la juu, la chini, na yale membamba ya nyuma, sikio langu zima nimelilaza juu yake. Yalilia sawasawa yote. Nikafunga breki ya mbele nikaisukuma mbele nyuma, usukani ulikuwa unacheza kidogo, kama jino la mzee. Gololi zimeisha, hilo linatengenezeka. Nikajaribu kuinua siti. Haikuinuka. Tukaivuta mimi na mwalimu, yeye upande wake na mimi wangu, siti ilikuwa imeota na fremu, imekuwa kitu kimoja. Nikaipanda nione, miguu ikafika chini vizuri. Nikafurahi kimya kimya, maana siti iliyokwama mahali pako si ugonjwa, ila kwa muuzaji unaitaja kama ugonjwa.

"Mwalimu, soma," nikamwambia.

Mwalimu akainama kwenye karatasi ndogo iliyobandikwa kwenye fremu, imechakaa. Ilikuwa imeandikwa HI-TEN. Akaisoma mara mbili, akasimama wima.

"Hai ni salamu," akasema. "Ten ni kumi."

"Inamaanisha nini?"

"Habari, kumi."

Watu wakalitafakari. Mmoja akasema labda ni baiskeli ya kumi kumsalimia mzungu. Mwalimu akasema hapana, ni gia, zipo kumi. Tukaanza kuhesabu vyuma vya nyuma na vya mbele, huyu anajumlisha, yule anazidisha, na hakuna aliyepata kumi. Mwalimu akasema basi nyingine zimeibiwa. Mpaka leo sijui hiyo kumi ni kumi ya nini, na baiskeli yenyewe haikuwahi kusema.

Zikabaki tairi. Nikakumbuka mafundisho ya mganga. Ile ya mbele niliikunja kwa kidole gumba, ikafunguka nyufa nyembamba kama kisigino cha kiangazi.

"Hii imekaa juani," nikasema.

Mama akashtuka. "Nani amekuambia?"

"Mtaalamu. Na mafuta umepaka?"

Akakiri amepaka mawese kidogo, ing'ae. Nikamweleza kwamba mafuta hula mpira, na watu wote wakaguna kwa heshima. Nilijisikia mkubwa. Bei ikashuka hapo hapo, ikabaki hatua ndogo ambayo hakuna aliyetaka kuivuka. Ndipo nikafungua kifungo cha mfuko.

"Hicho kilichobaki," nikamwambia, "kitalipwa na serikali. Nimepewa na mganga wa zahanati. Amesema tufungue tukiwa pamoja, na wewe uelewe."

Mama akaichana bahasha. Akachungulia. Akaingiza vidole, akatoa utepe wa pakiti ndogo zimeshikana, akauinua juu zikaning'inia mbele ya soko lote.

Mimi sikuelewa. Mwalimu alielewa, akageuka kutazama mihogo.

"Papa," mama akasema, "ulikuya kununua kinga, ao ulikuya kunitongoza?"

Soko likaanguka kwa kicheko. Mama mmoja muuza nyanya alikaa chini kabisa. Na mimi nikiwa nimesimama pale nikaanza kuyasikia upya maneno yangu ya chumba cha sindano, moja baada ya jingine. Kila siku, asubuhi na jioni. Kupanda ndio kazi. Jirani nitamwazima. Nilipofika kwenye lile la mke wangu na kanisa, nikakaa juu ya gunia.

"Mganga wako ni mutu wa mapendo," mama akasema akifuta machozi. "Amekuhesabia wewe kijana." Kicheko kile ndicho kilichomaliza bei. Alisema kwa furaha niliyompa haoni haja ya kubishana, nichukue. Bahasha akabaki nayo, akisema kambini hakuna kitu kinachotupwa.

Mwalimu aliniapia njia nzima kwamba hatamwambia mtu. Alimwambia mke wake tu. Tulipofika mlimani kwetu, habari ilikuwa imekwisha kufika kwa simu, imeketi barazani kwangu, na mke wangu anaiandalia ugali.

Alitoka akaitazama baiskeli. Akaizunguka kama nilivyoizunguka mimi.

"Haina keria," akasema. "Mimi nitakaa wapi?"

"Tutafunga."

"Ndiyo ufunge. Nasikia nakwenda nayo kanisani."

Hakusema zaidi siku ile. Alikuwa anakatisha usemi katikati, anaingia jikoni, na huko jikoni nasikia sufuria zinacheka.

Lakini mimi kicheko hakikuwa shida yangu. Shida ilikuwa geti. Fundi alibadilisha gololi na tairi la mbele, akanifundisha gia kwa kidole. Asubuhi ya kwanza nikashuka mlima breki zinalia kama mbuzi. Kwenye mwinuko wa mwisho wa kuingia mjini nikatia gia ndogo kabisa. Miguu ikazunguka kama ya kuku anayefukuzwa, baiskeli inakwenda kama kinyonga. Mwanamke mwenye ndoo kichwani alinifikia, akanisalimia kwa Kiha, mwakeye, akanipita moja kwa moja. Lakini sikushuka, na goti halikusema kitu. Nilifika nikafungua geti na mlinzi alikuwa hajaamka.

Mganga alipokuja alikuta wagonjwa wamekaa kwenye benchi, uwanja umefagiwa.

"Leo umewahi, mzee wangu."

"Ni ile kinga, bwana mganga."

Akatazama huku na huku, wagonjwa wanatusikiliza. "Tutaongea ndani," akasema kwa sauti ndogo.

"Si ile pale, nimeiegemeza ukutani. Ya yule mama. Huku kwetu ndivyo tunavyoiita."

Akaigeukia. Akaitazama kuanzia tairi la mbele mpaka la nyuma, kisha akanitazama mimi, kisha tena baiskeli, na niliona maneno yetu yote yanapita usoni mwake kama yalivyopita kwangu sokoni, ila yeye alikuwa na ngozi nyeupe ya pwani, yakaonekana zaidi. Akaingia ndani bila salamu. Siku ile aliita wagonjwa kupitia kwa nesi.

Ingekuwa nimenunua baiskeli ya kweli, hadithi ingeishia kwamba sikuchelewa tena. Nilinunua ya mzungu wa Mtabila. Haukupita muda mnyororo ukakatika katikati ya mlima, nikaisukuma mpaka mjini kama nilivyozoea ujanani, na nilipofika jua lilikuwa limekwisha kukausha umande. Wagonjwa wamejaa nje. Mlinzi ameshika nondo. Mganga amesimama mbele, mikono nyuma.

Nilikuwa nimejiandaa. Nikatoa funguo mfukoni, nikanyoosha mkono nimkabidhi, maana makubaliano yalikuwa yanajulikana.

Akafungua mdomo. Wagonjwa wote wakanyamaza wasikie. Ili aniachishe kazi mbele yao ilibidi aniulize kilichonichelewesha, na mimi ningemjibu, na jibu langu lingekuwa na lile neno, tena pengine na mpira. Nilimwona anatafuta njia nyingine ya kulizunguka. Alianza, "Mzee, hicho..." akaacha. Akaanza tena, "Hiyo yako..." Mama mmoja kwenye foleni akamsaidia kwa sauti ya juu: "Kinga yake imekatika, daktari."

Mganga akanipisha kwenye geti.

"Fungua, mzee," akasema.

Nikafungua. Na kwa kuwa nimeamua kusema yote, niseme na hili: nilichelewa tena mara nyingi baada ya hapo, ile baiskeli ikiwa nzima na ikiwa mbovu, na kila nilipotokea kwenye kona ninaisukuma, mganga aligeuka akaanza kuongea na wagonjwa habari za mvua.